Si macho, ni mtutu wa kushoto

Misimu mitatu baba mdogo amekuwa akiyalaumu macho yake. Ana shotgani ya mitutu miwili iliyolala ubavu kwa ubavu, ana leseni, na kila akipata kibali cha kuwinda kanga kule Sikonge mambo ni yale yale: mtutu wa kulia unaangusha, wa kushoto unakosa. Kinachoniuma zaidi ni yule kanga anayejeruhiwa, akakimbilia kichakani kufia huko bure.

Mwezi uliopita tulishona mifuko ya saruji ikawa karatasi mbili pana, kila moja tukaichorea duara la sentimita 76. Tukabandika ya kwanza kwenye kichuguu kikubwa na kupima meta 36. Ndicho kipimo cha siku nyingi cha mafundi wa bunduki, inchi 30 kwa yadi 40. Akafyatua wa kulia, gololi ndogo za ndani ya risasi zikajaa katikati. Tukabadilisha karatasi. Za kushoto zilihama shubiri nzima kuelekea kushoto, nyingine zikatoka kabisa nje ya duara. Baba mdogo alisimama mbele ya ile karatasi muda mrefu, akapitisha kidole kwenye matundu.

“Kumbe si macho, mwanangu.”

Wengi wanadhani mitutu hii imenyooka sambamba kama reli. Sivyo. Kila mtutu uko kando kidogo ya katikati ya bunduki, kwa hiyo ukifyatua wa kushoto, teke lake linaipeleka bunduki kushoto kabla gololi hazijatoka mdomoni. Wa kulia hivyo hivyo upande wake. Ndiyo maana fundi huikaribianisha midomo, kisha huiunganisha mitutu kwa kanda za chuma zilizolehemiwa. Kwa mtutu wa sentimita 70, akikosea milimita 1 tu mdomoni, kwenye meta 36 kosa limefika sentimita 5.

Muuzaji aliisifia sana mihuri ya nyumba ya ukaguzi wa bunduki ya Birmingham, Uingereza, iliyogongwa kwenye chuma. Ni mihuri ya heshima, nyumba ile imekuwepo tangu 1813. Lakini muhuri unathibitisha kwamba mtutu ulijaribiwa kwa nguvu kubwa kuliko ya risasi ya kawaida na haukupasuka. Gololi zinakwenda wapi, hausemi. Leseni nayo inaijua namba ya bunduki na mwenyewe, basi.

Kwa hiyo nadai hivi: shotgani ya mitutu miwili isiuzwe bila karatasi mbili zilizopigwa, moja kwa kila mtutu, kwa aina ya risasi iliyoandikwa pembeni. Mnunuzi azione kabla hajatoa pesa. Gharama yake ni risasi chache na nusu saa.

Maana kurekebisha si mchezo. Kanda zote hufumuliwa, mitutu ikapangwa upya na kulehemiwa tena, kazi ya fundi bingwa wa bunduki. Jirani mmoja alishauri tuipeleke kwa mchomeleaji wa mageti. Nilikataa katakata, moto ule unaharibu chuma cha mtutu na siku moja unaweza kumpasukia mtu usoni.

Baba mdogo sasa anatia risasi moja tu, kulia.