Saa za mama hazimo kwenye hesabu

"Pizza ni chapati iliyopakwa nyanya. Elfu moja na kitu ya nini?" Aliyewahi kukaa kwenye meza za mikahawa ya Kiitaliano ya Malindi amelisikia hilo. Husemwa kwa sauti, weita akiwa amesimama pale pale na kalamu mkononi, na mara nyingi huyo weita ni mtoto wa mwenye mkahawa. Linaniudhi mno. Kuuliza bei ni haki ya mnunuzi, sina neno hapo. Kinachoniuma ni kwamba wenye mikahawa wenyewe wameshaliamini, na wanapanga bei kana kwamba ile mikono iliyokanda, ikawasha moto, ikaosha sahani hadi saa saba usiku haikuwapo kabisa.

Na tusidanganyane kwamba ni shida ya wageni. Waitaliano walianza kuja pwani hii miaka ya 1960 na mradi wa San Marco kule Ngomeni, jukwaa la baharini ambalo mwaka 1967 lilirusha setilaiti, na tarehe 12 Desemba 1970 likarusha ile iliyopewa jina la Uhuru. Zikafuata hoteli, majumba ya likizo na majiko. Leo mpishi aliyejifunza kwenye jiko la hoteli ana mkahawa wake mwenyewe: mke yuko kwenye pesa, shemeji kwenye tanuri, binti mezani, mama mzazi anamenya viazi uani. Zipo pia familia za Kiitaliano zilizozeekea hapa, na zilizochanganya damu. Kote huko mambo ni yale yale.

Haya, tuanze na hiyo "chapati".

Chama cha Associazione Verace Pizza Napoletana, kilichoanzishwa Napoli mwaka 1984, kinataka hivi: maji lita 1, unga kilo 1.6 hadi 1.8, chumvi gramu 40 hadi 60, na hamira kidogo sana. Chukua unga kilo 1.7 na chumvi gramu 50. Utapata kilo 2.75 za unga uliokandwa, yaani madonge 11 ya gramu 250. Kila donge lina unga mkavu wa gramu 155 hivi. Mlalamikaji amesema kweli hapo: unga ni pesa ndogo. Lakini hakuna anayelipia unga. Unalipia kuuchunga.

Kuuchunga ndio kazi, na pwani ni kazi mara mbili. Jikoni kwa nyuzi 30 na zaidi, hamira kavu ya kuumua unga huo kwa saa nane haifiki hata gramu 1. Kijiko kimoja cha chai ni gramu 3 hivi. Anayepima kwa kijiko hukuta kabla saa hizo nane hazijaisha madonge yameshikana, yamepanda hadi kwenye kifuniko cha trei, yananuka uchachu. Donge la namna hiyo ukilinyoosha linatoboka katikati. Ukiliweka kwenye sepetu, lile koleo bapa la kuingizia pizza motoni, linanata. Likiingia motoni linatoka jeupe, kwa sababu hamira imeshakula sukari yote ya unga na hakuna kilichobaki cha kugeuka rangi ya kahawia. Mpishi asiyejua sababu huliacha ndani zaidi, likakauka kama ubao. Kinyume chake, donge lililonyimwa muda hurudi nyuma kila ukilivuta, na ukingo wake humpa mlaji kazi ya meno.

Kwa hiyo mtu anayeijua kazi hupima hamira kwa mizani ndogo ya kusoma sehemu za gramu, hutumia maji ya friji kwa sababu kukanda kwenyewe kunapasha unga joto, na hulenga unga umalizike ukiwa na nyuzi 23 hadi 25. Dakika 15 au 20 za kukanda. Kuupumzisha. Kuukata, kupima kila kipande, kukiviringa mpaka juu kuwe laini kama shavu la mtoto na mshono ukae chini, kisha kufunika trei barabara, kwani upepo ukiingia donge huota ngozi, na ngozi hiyo hupasuka wakati wa kunyoosha. Madonge 40 ya jioni moja ni mtu mmoja aliyeinama mezani asubuhi nzima. Na saa za kusubiri si mapumziko, maana joto likipanda mchana lazima mtu awepo kuzihamishia trei kwenye friji.

Nisimame kidogo kwenye suala la unga wa Kiitaliano wa "sifuri mbili" (00), kwa sababu watu wanaibiwa kwa jina. Hizo sifuri mbili ni usafi tu, zinakwambia unga umetolewa pumba kiasi gani. Hazikwambii nguvu yake. Kuna sifuri mbili ya biskuti, dhaifu, ambayo ukiipa saa nane inalegea na kutoa maji. Tazama protini kwenye mfuko. Kwa kuumuka kwa muda mrefu usishuke chini ya asilimia 11. Unga wetu wa mkate wenye nguvu humshinda mtaliano dhaifu aliyepanda meli.

Tanuri nalo. Kuni za mvinje, zile zinazopandwa Kilifi nzima, zinawaka kwa moto mkali zikikauka vizuri. Zikiwa na unyevu, moto wote unaishia kukausha kuni na tanuri halipandi. Ukitaka kufungua saa kumi na mbili na nusu jioni, kiberiti kiwashwe saa tisa alasiri. Utajua limeiva pale masizi meusi ya dari yanapoungua na matofali kurudi kuwa meupe. Hapo sakafu ya tanuri inakaribia nyuzi 400 na kitu, na pizza inaiva kwa sekunde 60 hadi 90. Kwenye sekunde hizo aliyeshika sepetu hawezi kugeuka kumjibu mtu. Huinua ukingo, huchungulia chini, huzungusha robo, huzungusha tena, hunyanyua juu karibu na dari kwa pumzi moja ili jibini ichemke, hutoa. Unga mkavu ukizidi kwenye sepetu unaungua sakafuni na pizza zote zinazofuata zinakuwa na uchungu. Ndiyo maana kila baada ya chache hufagia. Kutoka saa moja hadi saa nne usiku, usoni joto, mgongoni jasho.

Sasa huyo ni shemeji. Analipwa nini? Ukiuliza utajibiwa, "Ni wa nyumbani."

Hili neno ndilo linaloua mikahawa ya familia. Tukokotoe. Familia ya watu wanne, kila mmoja saa 11 kwa siku, siku 6 kwa wiki: ni saa 264. Tuseme wanauza sahani 300 kwa wiki hiyo. Kila sahani iliyofika mezani imebeba dakika 53 za mtu wa nyumbani. Fungua daftari lao. Utakuta unga, nyanya, jibini, samaki, kuni, gesi, kodi ya pango, stima. Utakuta hata viberiti. Dakika 53 hutazikuta. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na familia hizi zina daftari, tena safi, ila wameandika kila kitu isipokuwa kile wanachokitumia kuliko vyote.

Madhara yake hayaonekani mwaka wa kwanza wala wa pili. Yanaonekana binti anapopata nafasi ya chuo Mombasa au anapoolewa. Inabidi kuajiri weita. Mwisho wa mwezi weita anadai mshahara, kama ilivyo haki yake, na mkahawa ambao miaka sita "ulikuwa na faida" ghafla unakula hasara, kwa wateja wale wale na bei zile zile. Watu wanaanza kutafuta mchawi: weita anaiba, eneo limechoka, watalii wamepungua. Hakuna mchawi. Ile faida ilikuwa mshahara wa binti ambao hakuwahi kulipwa. Na yeye mwenyewe ameondoka na mikono mitupu baada ya miaka sita ya kubeba sahani, hana hata akiba ya kununua kitanda cha hosteli. Nikisema hili ni dhuluma, wazee hukasirika. Ni dhuluma. Kwamba imefanywa kwa mapenzi hakupunguzi kitu.

Dawa yake ni daftari la pili, linaninginia ukutani kando ya mlango wa jikoni. Kila mtu, na mama wa viazi akiwemo, anaandika saa aliyoingia na saa aliyotoka. Mwisho wa mwezi zijumlishwe, zizidishwe kwa ujira ambao mngemlipa mgeni kwa kazi hiyo hiyo, kisha gawanya kwa idadi ya sahani mlizouza. Hicho mnachopata kiongezwe juu ya viungo, kuni na pango, ndipo mzungumzie bei. Halafu pesa hizo zitoke kwenye sanduku, ziingie mkononi mwa mtu, kwa jina lake. Kama mwezi ni mbaya, lipa nusu na uandike deni. "Tunakula pamoja" si mshahara. Hata asiyefanya kazi anakula nyumbani kwao.

Bei ikitisha baada ya hapo, usikimbilie kukata mshahara wa mama. Pima jibini kwanza. Pizza moja yatosha gramu 80 za mozarela. Mkono usiopima hudaka 110. Kwa pizza 40 umemwaga kilo 1.2 kwa usiku mmoja, na bado mteja atalalamika, kwa kuwa mozarela nyingi huachia maji na kufanya ziwa katikati. Ikatwe asubuhi, ichujwe saa kadhaa. Nyanya za kopo kutoka Italia si lazima pia. Rio Grande zetu zilizoiva hadi wekundu wa ndani, zikamenywa, zikatolewa mbegu, zikapondwa kwa mkono na kutiwa chumvi, zinatosha kabisa. Zikinunuliwa zikiwa na mabega ya kijani ndipo mchuzi unakuwa mkali na watu wanaongeza sukari. Rehani nayo, yale majani ya kunukia ya juu ya pizza, kununua kwa pakiti ni ajabu, mji ambao kina mama wanaipanda mlangoni kwa ajili ya vikuba, vile vifungu vya maua ya kunukia.

Nikubali moja, ingawa sipendi. Wako wanaostahili lile lalamiko. Wanaumua unga kwa saa mbili, wanatupia jibini la kukunwa la mfuko, wanapasha kwenye oveni ya umeme isiyozidi nyuzi 250, na wanatoza sawa na aliyeamka alfajiri. Wengine wana karatasi mbili za bei, moja ya Mzungu na moja ya mwenyeji. Hao siwatetei, na wanawaharibia wenzao.

Mteja naye ajifunze kidogo. Pizza ya marinara haina samaki: ni nyanya, kitunguu saumu, oregano na mafuta ya zeituni, basi. Weita wa Malindi anagombezwa kwa hilo kila wiki kana kwamba kaficha pweza jikoni. Na tambi yenye kiini kidogo cha ugumu si mbichi. Imetolewa kwenye maji dakika moja kabla ili imalizikie ndani ya mchuzi. Ukiirudisha ichemshwe tena, umeagiza uji.

Leseni za kaunti na vyeti vya afya vya kuhuisha kila miezi sita ni gharama, ziandikwe tu, hazina siri.

Masika ndiyo kipimo. Kuanzia Aprili hadi Juni wageni hupungua, bahari inachafuka, na mkahawa uliokuwa unauza sahani 300 kwa wiki unashukuru ukipata 60. Familia isiyohesabu saa zake huona huo ndio wakati wa wote kukaa jikoni siku saba "kwa kuwa hatulipi mtu". Kosa. Fungueni jioni nne tu za wiki, tanuri liwake siku hizo tu, na watu wapumzike. Akiba ya miezi mitatu ya pango iwe imetengwa tangu Agosti na Desemba, kabla ya mtu kununua pikipiki.

Tanuri lililojengwa vizuri halipoi usiku. Ukisukuma makaa pembeni na kuziba mlango, saa mbili asubuhi bado lina joto la kuchoma mboga. Hapo mama huja na sinia la biringani na pilipili hoho, anazipanga ndani nzima nzima mpaka ngozi ziungue, anazimenya zikiwa moto na kuzitia mafuta, chumvi na kitunguu saumu. Ni zile zinazoletwa mezani jioni na kipande cha mkate, bila kuagizwa na bila kulipiwa. Zinamchukua saa moja na nusu. Iandikwe.