Funguo tatu za sanduku la Kibirizi

Mwezi ukiwa mpevu, Kibirizi hulala mapema. Taa hazivuti dagaa kwenye mbalamwezi, kwa hiyo mitumbwi inapumzishwa mchangani, nyavu zinashonwa, na vikao vyote vilivyoahirishwa vinafanyika siku hizo. Jioni moja ya namna hiyo nilikaa pembeni ya kikundi cha akina mama wa kuweka na kukopa, nikisubiri nipewe nafasi ya kusema. Nilikuja kuomba radhi.

Sisi vijana sita wa hapa Kigoma tulitengeneza programu ya simu ya kuandika hisa na mikopo ya vikundi. Hatulipwi, na tuliiachia huria ili kikundi chochote kiitumie na fundi yeyote aiboreshe. Sasa ilikuwa inakosea riba ya mkopo unaolipwa kabla ya tarehe, na katibu wa kikundi alikuwa amerudi kwenye daftari lake la zamani. Kiraka cha kurekebisha kosa hilo nilishakiandika. Kilikuwa kimekaa kwenye kompyuta yangu wiki ya tisa, kwa sababu mwanzilishi wa mradi ndiye pekee aliyeweza kukipitisha, na yeye alikuwa amehamia mkoa mwingine kikazi. Simu alikuwa anapokea mara moja moja.

Mbele yangu palikuwa na sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Wanawake watatu walisimama mmoja mmoja, kila mtu na ufunguo wake. Wa mwisho alifungua fundo kwenye pindo la khanga akautoa. Mama wa nne, anayelala na sanduku hilo nyumbani kwake, hana ufunguo hata mmoja. Ndivyo vikundi hivi vinavyoendeshwa, huku kwetu na kwingine.

Nilipomaliza kueleza, mwenyekiti aliniuliza, “Kwa hiyo mwanangu, mwenzenu mlimpa funguo zote tatu?”

“Ndiyo, mama.”

“Na sanduku analo yeye?”

“Analo yeye.”

Akatikisa kichwa, akaita hesabu ya hisa.

Nimelifikiria swali lile miezi kadhaa sasa, na nimefikia mahali pa kulisema wazi. Sisi wa programu huria tunajisifu kwamba kwetu hakuna bosi. Bosi yupo. Ni yule mwenye nywila. Kwa kuwa hatukumchagua, hatuna njia ya kumpumzisha, na yeye mwenyewe hana njia ya kupumzika. Ndiyo maana nasema kanuni ya kwanza ambayo jumuiya ya kujitolea inapaswa kuiandika, kabla ya kanuni za kuchangia na kabla ya kanuni za adabu, ni namna funguo zinavyotoka mkononi mwa mtu.

Wenzangu wawili hawakubaliani nami. Wanasema mtu anayejitolea haamrishwi, na ukianza kuleta katiba utawafukuza watu. Hoja hiyo ninaiheshimu, lakini ilishajibiwa zamani. Mradi wa Debian, unaotengeneza mfumo huria wa kuendeshea kompyuta na ulioanzishwa na Ian Murdock mwaka 1993, una katiba tangu 1998. Kiongozi wake anachaguliwa kila mwaka kwa kura za wanachama, na wanachama hao hao wanaweza kutengua uamuzi wake kwa kura. Katiba hiyo inasema pia kwamba hakuna anayelazimishwa kuufanyia mradi kazi yoyote. Asiyetaka jambo fulani si lazima alifanye, ila asihujumu kile kilichoamuliwa kwa utaratibu. Sehemu hiyo nimeisoma mara nyingi. Uhuru wa anayejitolea umeandikwa ndani ya kanuni zenyewe, na mradi ule, ambao wanachama wake wametapakaa duniani, umevuka miaka 30.

Kinachonitisha zaidi ni kisa cha xz. Ni programu ndogo ya kubana mafaili, iliyomo karibu katika kila mfumo wa Linux (familia ya mifumo ya kuendeshea kompyuta, Debian ikiwa mmojawapo), na kwa miaka mingi ilitunzwa na mtu mmoja, Lasse Collin, bila malipo. Mwaka 2021 alijitokeza mchangiaji aliyejiita Jia Tan, akaanza kuleta viraka vizuri, kimoja baada ya kingine. Mwaka 2022 majina mengine yasiyojulikana yakaanza kumshinikiza mtunzaji: mbona unachelewa, mbona huongezi mtu wa kukusaidia. Alijibu kwa upole kwamba nguvu zake zimepungua na kwamba kazi hii ni ya kujitolea. Hatimaye akampa Jia Tan ufunguo. Mwanzoni mwa 2024 matoleo mapya yakatoka yakiwa yamefichwa mlango wa nyuma, ambao ungempa aliyeutengeneza njia ya kuingia kwenye seva za watu, yaani kompyuta zinazohudumia nyingine mtandaoni. Machi mwaka huo mhandisi Andres Freund, aliyekuwa akishughulikia kazi nyingine kabisa, aliona kuingia kwenye seva kunachelewa kama nusu sekunde. Akafuatilia hiyo nusu sekunde mpaka akaufumua uovu wote.

Wengi wanakisimulia kisa hiki kama habari ya wadukuzi. Mimi ninamwona mtu aliyechoka akiwa amezungukwa na mamilioni ya watumiaji, wala hakuna hata mmoja aliyemuuliza, ukiugua je? Na ninaona jambo jingine ambalo akina mama wa Kibirizi wangeliona kabla yangu. Ufunguo wa pili ulitolewa, lakini ulitolewa na mtu mmoja peke yake, chini ya shinikizo, kwa mgeni asiye na mdhamini. Kwenye kikundi chao mgeni haingii hivyo. Anakuja na mtu anayemjua, ananunua hisa, anakaa mzunguko mzima akionekana kila kikao, na suala la kumpa ufunguo linaamuliwa na kikao. Debian nao wana desturi inayofanana na hiyo: utambulisho wa kidijitali wa anayeomba kujiunga unatiwa sahihi na waliomo tayari, na kwa kawaida hawausaini mpaka wamekutana naye uso kwa uso na kuona kitambulisho chake.

Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, ilipata bahati. Guido van Rossum, aliyeianzisha na kuwa na neno la mwisho tangu mwanzo, aliachia madaraka Julai 2018 baada ya ubishi mkali juu ya alama moja ya sarufi ya lugha hiyo, na akasema hatateua mrithi. Wenzake walibishana miezi kadhaa, wakapiga kura kuchagua mfumo, na mwaka 2019 wakapata baraza la watu watano ambalo wajumbe wake wasiozidi wawili wanaweza kutoka kwa mwajiri mmoja. Waliweza kwa sababu aliyeondoka alikuwa mzima na mwenye nia njema. Kikundi kidogo cha Kigoma hakina sababu ya kutegemea bahati kama hiyo.

Mbalamwezi iliyofuata tukakaa wenyewe, watano kwa macho na mwanzilishi kwa simu tuliyoiweka kwenye kipaza sauti. Nilijiandaa kwa ugomvi. Akasema alikuwa anaogopa kupokea simu zetu, kwa kuwa kila anayepiga alikuwa na ombi la programu na hakuna aliyewahi kumuuliza mtoto wake anaendeleaje. Nyumba ikawa kimya. Mtoto alikuwa mgonjwa tangu mwezi wa kwanza wa kuhama kwake, na sisi tulikuwa tukimnung'unikia.

Alikabidhi nywila usiku ule ule, na kiraka kikapita. Tuliandika ukurasa mmoja: akaunti ya mradi ina washika funguo watatu, badiliko lolote linalogusa hesabu ya fedha linahitaji idhini ya wawili, mshika ufunguo asiyepatikana kwa siku 30 anapumzishwa bila lawama, na akirudi anaomba upya, uchaguzi ni kila mwaka, vikundi vinapovunja mzunguko na kugawana.

Ufunguo wa tatu nilipendekeza apewe katibu wa akina mama wa Kibirizi. Haandiki msimbo, yaani maandishi ya programu yenyewe, lakini ndiye aliyegundua kosa la riba kwa kalamu na daftari, kabla yetu sisi sita. Wenzangu wawili wale wale wanasema asiyesoma msimbo hawezi kuuidhinisha. Mimi nasema tunaweza kumkalisha mbele ya skrini, tukamwingizia mikopo mitano ya kweli, naye akatuambia kama tarakimu zinalingana na daftari, na hiyo ni idhini kamili. Kwa sasa anaushika kwa muda. Suala lenyewe litapigiwa kura Desemba.