Chama Kinachonunua Ploti Kishindwe na Kitabu cha Dijitali?

Huku Kent, mji ulio kusini kidogo mwa Seattle, kitabu kipya cha dijitali mara nyingi huuzwa dola 14.99. Ukikitafuta kwa simu ukiwa Nairobi, bei ni hiyo hiyo au inakaribia hapo. Sasa piga hesabu. Kima cha chini cha mshahara katika jimbo hili la Washington mwaka 2025 kilikuwa dola 16.66 kwa saa, kwa hivyo hata mfanyakazi wa mshahara wa chini kabisa hupata bei ya kitabu kabla saa moja haijaisha. Kibarua wa Nairobi aliyelipwa kima cha chini mwaka huo alipata kama shilingi 16,000 kwa mwezi. Dola ikiwa shilingi 129, kitabu hicho kitamtoa zaidi ya shilingi 1,900. Hiyo ni kazi ya siku tatu, bila kula, bila nauli ya matatu.

Watu wa nyumbani wakiniuliza mbona huku watu wanasoma sana, wengi hudhani jibu ni pesa. Nimekaa huku miaka ya kutosha kukataa jibu hilo. Wenzangu ninaofanya nao kazi ya kutunza wazee hawanunui vitabu. Wanaazima, kwa simu, usiku wa zamu mgonjwa akishalala, na hawalipi hata senti. Wanaweza kufanya hivyo kwa sababu kuna mtu aliyekwenda kupatana bei kwa niaba ya maelfu ya wasomaji. Nairobi kila msomaji anamkabili muuzaji peke yake, na mtu mmoja hana nguvu ya kushusha bei. Hili linaniuma, kwa maana sijaona duniani watu wanaojua kuchanga kama watu wa Nairobi.

Nieleze kwanza maktaba ya huku, kwa sababu wengi wanafikiri ni ukarimu wa serikali tu. Sisi wa Kent tunahudumiwa na mfumo wa maktaba wa King County, wenye matawi karibu 50. Ukiwa na kadi yao, unafungua programu ya Libby kwenye simu na kitabu kinaingia. Lakini maktaba haikimiliki kitabu hicho. Imelipia leseni, na leseni ya kitabu kinachotafutwa sana kutoka kwa wachapishaji wakubwa inaweza kufika dola 55 au 65 kwa miaka miwili, tena nakala moja isomwe na mtu mmoja kwa wakati. Muda ukiisha, nakala inatoweka na maktaba inalipa upya. Mchapishaji HarperCollins mwaka 2011 aliweka masharti yake: kitabu kikishaazimwa mara 26, leseni imekwisha. Kwa hivyo hata hapa bei ni ya kupigania, na wanaopigana ni maktaba kwa pamoja.

Mwaka 2019 niliona vita hivyo vikipiganwa. Mchapishaji Macmillan alitangaza kwamba kuanzia Novemba, mfumo mzima wa maktaba, uwe mkubwa namna gani, utauziwa nakala moja tu ya kitabu kipya cha dijitali kwa wiki nane za kwanza. Nakala moja kwa mfumo unaohudumia watu zaidi ya milioni moja! King County ikasema basi, hatununui vitabu vyako vipya vya dijitali. Mifumo mingine ya maktaba ikafuata. Machi 2020 Macmillan akaondoa sharti hilo. Corona ilikuwa imeshaingia na maktaba zimefungwa, kwa hivyo sitasema ni mgomo peke yake uliomgeuza. Lakini najua mteja mmoja mmoja angelalamika mpaka leo bila kusikika.

Wauzaji wenyewe walishalijua somo hili zamani. Mwaka 2010 wachapishaji watano wakubwa walikubaliana na Apple juu ya mpango uliopandisha vitabu vya dijitali kutoka dola 9.99, bei aliyokuwa akiuza Amazon, hadi 12.99 na 14.99. Serikali ya Marekani iliwashtaki 2012. Wachapishaji wakamalizana nayo nje ya mahakama, Apple ikapambana na ikashindwa mwaka 2013, na mwishowe ikalipa dola milioni 450. Hapo ndipo nilipoacha kuamini kwamba bei ya kitabu cha dijitali inatokana na gharama yake. Hakuna karatasi, hakuna wino, hakuna lori la kutoka Mombasa. Mwandishi, mhariri na msanifu wakishalipwa, nakala ya elfu moja haimgharimu mchapishaji karibu chochote. Bei inakaa pale ambapo mwenye nguvu ameiweka.

Hebu turudi Nairobi. Huku Kent sijui majina ya majirani wangu wote, na nikigonga mlango kuwaomba dola 20 tukanunue kitu pamoja, wataita polisi. Nyumbani mama yangu, pale Umoja, yuko kwenye vyama vitatu vya kuchangiana pesa. Kimoja ni cha kununua viti na hema za kukodisha, kingine kimeshanunua ploti Joska, cha tatu ni cha kuzunguka tu, kila wiki mmoja anapewa. Kuna katiba, kuna faini ya kuchelewa, kuna mweka hazina ambaye hakosei hata shilingi kumi. M-Pesa ipo tangu 2007, mchango wa watu mia unakusanywa kabla chai haijapoa. Akina mama wakienda soko la Marikiti wanachanga, wananunua gunia zima la vitunguu kwa bei ya jumla, wanagawana kwa debe. Kitabu cha dijitali ndicho kitu rahisi zaidi kununua hivyo, maana hakiozi na hakuna wa kupewa kilichopondeka.

Dada yangu mdogo anasomea CPA, mitihani ya uhasibu, na kitabu kimoja cha kusomea, toleo la dijitali, kilikuwa shilingi 1,500 kwa mchapishaji mmoja wa hapo Nairobi. Alipopiga simu aliambiwa, "Bei ni hiyo hiyo, dada." Akalipeleka jambo hilo darasani. Walikusanya majina arobaini, wakachagua mwanafunzi mmoja mwenye ulimi wa kupatana, na safari hii walikwenda ofisini wenyewe. Yule mama wa mauzo hakuzungumzia bei kwanza. Aliuliza, "Mko wangapi, na mnalipa lini?"

Kwangu maswali hayo mawili ndiyo kiini cha mambo yote haya. Wangapi, na lini. Walipomwonyesha orodha na kusema pesa zote zinaingia Ijumaa kwa mkupuo mmoja, alishuka hadi 950. Wakamuuliza, tukifika sitini? Akafikiri, akaenda chumba cha ndani kuongea na mkubwa wake, akarudi na 800. Waliomba aiandike, na akaiandika. Ijumaa walikuwa wamevuka sitini, kwa sababu chuo kingine kule Ngara kilisikia kikajiunga.

Kulikuwa na hatari moja ambayo kila kundi linafaa kuijua. Katikati ya wiki, wanafunzi wawili walimpigia yule mama kivyao, wakijaribu kupata bei yao ya siri. Akaanza kulegea kwenye ahadi, akiona kundi lenyewe halijashikamana. Ilibidi msemaji wao arudi kule na wale wawili wakiwa nyuma yake. Kundi likiwa na midomo mingi, muuzaji atachagua mdomo mwepesi. Mtu mmoja aongee, wengine watoe pesa.

Jingine: kitabu si kama kitunguu, ambacho ukinyimwa na huyu unavuka upande wa pili. Kila kitabu kina mchapishaji wake mmoja. Kwa hivyo silaha ya kundi ni kuwa tayari kweli kununua kitabu kingine cha somo lile lile, au kungoja. Usiende kupatana wiki moja kabla ya mtihani, kwa kuwa muuzaji ana kalenda pia. Nenda msimu ambao simu yake hailii. Na omba ngazi ya bei iandikwe mapema, watu 20 bei hii, 50 bei ile, pamoja na ahadi kwamba waliolipa mwanzo watarudishiwa tofauti ngazi ikishuka. Bila hiyo, kila mtu anangoja mwenzake atangulie, na kundi linafia hapo.

Ngazi hizi si ndoto yangu. Kati ya 2013 na 2014 mpango ulioitwa Knowledge Unlatched ulikusanya maktaba 297 kutoka nchi 24, wakachangia vitabu 28 vya kitaaluma. Wachapishaji walitaja kiasi wanachohitaji kufidia gharama ya kutengeneza kitabu, na kiasi hicho kikagawanywa kwa wanaochanga. Maktaba zilivyoongezeka ndivyo kila moja ilivyolipa kidogo, mpaka ikawa wastani wa chini ya dola 43 kwa kitabu. Halafu vitabu vikafunguliwa kwa kila mtu, mwenye simu kule Kayole akiwemo, avisome bila malipo.

Kenya nayo imeshafanya yake. Vyuo vikuu na taasisi za utafiti zina muungano wa maktaba uitwao KLISC, unaolipia majarida na vitabu vya kielektroniki kwa pamoja. Ukiwa mwanafunzi unasoma hazina hiyo yote. Ukihitimu, nywila inakufa na unabaki nje ya geti pamoja na sisi wengine. Na mwaka 2018 serikali ilipoanza kununua vitabu vya shule moja kwa moja kutoka kwa wachapishaji, badala ya kila shule kujinunulia dukani, bei ya nakala ilishuka sana. Watoto walipata vitabu. Wenye maduka ya vitabu, wengi wao watu wa mitaani waliokuwa wakisomesha watoto wao kwa biashara hiyo, waliumia vibaya. Silisahau hilo. Mnunuzi akiwa mmoja na mkubwa kupita kiasi, anaweza kukamua mpaka asiyepaswa kukamuliwa akakamuliwa.

Ndiyo sababu napenda chama kuliko zabuni ya serikali, na ndiyo sababu nataka swali la mwandishi liulizwe kwenye kila mapatano. Muuzaji akishuka kutoka 1,500 hadi 800, muulize mwandishi anapata asilimia ya bei gani. Wako wachapishaji watakaoficha punguzo ndani ya fungu la mwandishi. Kundi likisema "tunalipa 850, lakini fungu la mwandishi lisiguswe," shilingi hamsini haiumizi mtu, na yule aliyekaa miaka akiandika hapunjwi. Kila mwanachama apewe msimbo wake mwenyewe wa kufungulia kitabu. PDF moja ikianza kuzungushwa, mwaka unaofuata yule mama wa mauzo hatafungua mlango, na atakuwa na haki.

Kodi haitaondolewa na chama. VAT ya asilimia 16 iliwekwa kwenye vitabu na sheria ya 2013, na hiyo ni vita ya Bunge. Lakini asilimia 16 ya 800 ni ndogo kuliko asilimia 16 ya 1,500, na tofauti hiyo inabaki mfukoni mwa mwanafunzi.

Kwa wenzangu tulio nje nina ombi. Tumezoea kutuma pesa ya kitabu kwa mpwa mmoja mmoja, kila mtu na mpwa wake, kwa bei ya rejareja. Tuache. Muulize mpwa wako darasa lao lina wangapi, wanahitaji kitabu gani, nani ni mweka hazina. Tuma pesa ile ile kwenye chama cha darasa, iwe ya kujazia wale ambao hawakufikisha, ili orodha ivuke ngazi ya sitini. Darasa la dada yangu limeshaanza orodha ya kitabu cha ngazi inayofuata, na wanataka kufika kwa mchapishaji mapema Novemba, kabla pilikapilika za shule za Januari hazijaanza. Mimi nimechukua nafasi tano, na nimemwambia mweka hazina azijaze na wale waliokosa ada safari iliyopita.