Dawa, Wanyama na Mpaka wa Dharura

Nianze kwa kusema wazi, mimi si wa kusema majaribio yote ya dawa kwa wanyama yafungwe leo, wala si wa kusema panya ni panya tu achaneni nao. Nyumbani kwetu mamangu mdogo ana kisukari na anaishi kwa insulini, sindano asubuhi sindano jioni, kwa hivo hili jambo mimi siliangalii kwa mbali. Alafu pia nimekulia Kibokoni, Mombasa, na huku kwetu Mji wa Kale paka wako kila kibaraza, ukimpiga teke paka mbele ya wazee utakemewa papo hapo, na ile hadithi ya mwanamke aliyemfunga paka bila chakula mpaka akafa, yeye akaingia motoni, mtoto yeyote wa madrasa atakusomea. Sasa haya mawili yanakaaje pamoja? Nimelifikiria sana na nataka kusema ninavoona.

Insulini yenyewe ilitoka wapi? Mwaka 1921 huko Toronto, Canada, Frederick Banting na Charles Best walikuwa wanawapasua mbwa wanawatoa kongosho, kile kiungo kinachotengeneza insulini mwilini, ili wapate kisukari kwa makusudi, alafu wanawadunga maji waliyokamua kwenye kongosho za mbwa wengine. Mbwa wengi walikufa, wengine kwa upasuaji, wengine kwa vidonda kuoza. Mmoja waliyemwita Marjorie aliishi karibu siku 70 bila kongosho kwa sababu ya ile dawa. Januari 1922 wakamdunga kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, ashabaki mifupa, na dozi ya kwanza haikusaidia maana ilikuwa na uchafu mwingi, mwenzao James Collip akaisafisha, wakamdunga tena, sukari ikashuka, akaishi miaka 13 zaidi. Kabla ya hapo mtoto mwenye kisukari kile matibabu yake ilikuwa kunyimwa chakula ili asogee sogee kidogo tu kabla ya kufa. Mimi nikimwona mamdogo anacheka na wajukuu siwezi kusema ile kazi haikufaa kufanywa, nitakuwa mnafiki. Lakini pia siwezi kusema wale mbwa hawakuumia, waliumia, na hakuna aliyewauliza.

Ndio maana mimi hushika ile kanuni ya mashekhe wetu, kwamba dharura inahalalisha kilichokatazwa, na sehemu yake ya pili ambayo watu wengi huiacha njiani, kwamba dharura hupimwa kwa kiasi chake. Mtu anayekufa njaa anakula nyamafu kiasi cha kubakisha roho, hali mpaka akashiba kisha akafunga na ya kesho. Kwa hivo swali langu siku zote ni moja, je hapa dharura ipo kweli, na imeishia wapi?

Kuna mahali ipo, na tusijidanganye. Madaktari wa Kinazi walivyowafanyia wafungwa unyama na kuuita utafiti, walishtakiwa Nuremberg, Ujerumani, na 1947 hukumu ikaja na kanuni kumi, moja inasema jaribio la binadamu lazima lijengwe juu ya matokeo ya wanyama. Yaani mnyama aliwekwa mbele ili mfungwa asiwekwe. Marekani nao 1937 kulikuwa na dawa ya maji ya salfa, mtengenezaji akaichanganya na kemikali ya sumu, diethileni glikoli, bila kuipima usalama wake kwa chochote, ikaua watu zaidi ya 100 wakiwemo watoto wengi, na mwaka uliofuata ndio sheria ikalazimisha dawa ithibitishwe usalama kabla ya kuuzwa. Sasa ukiniambia tuwaondoe wanyama wote kesho na hujaweka kitu mahali pao, mimi nitakuuliza, wa kwanza kudungwa atakuwa nani? Hatakuwa mtoto wa waziri wa Ulaya. Kano, Nigeria, 1996, katikati ya mlipuko wa homa ya uti wa mgongo, kampuni ya Pfizer iliwatumia watoto 200 kwenye jaribio la dawa yake mpya, nusu wakapewa hiyo mpya na nusu ya kawaida, na baadaye wazazi wakasema hawakuelezwa kama ni jaribio, kesi ikaenda miaka na miaka. Sisi Waafrika hatuna haki ya kulisahau hilo tunapojadili haya mambo.

Lakini mnyama naye si dhamana. Machi 2006 kule London vijana sita waliojitolea walidungwa dawa inaitwa TGN1412, tumbili walikuwa washapewa dozi kubwa mara 500 na hawakudhurika, wale vijana wakavimba, viungo vya ndani vikaanza kugoma, wakalazwa wote mahututi, Mungu akasaidia wakaishi. Na kwa jumla, dawa kumi zikifika kuanza kujaribiwa kwa watu, karibu tisa hazifiki sokoni, na zote zishapita kwa wanyama. Kwa hivo mtu asije akaniambia kila mnyama anayekufa maabara ameokoa mtu, sio kweli, wengine wamekufa bure kabisa.

Na wengine wamekufa bure kwa uzembe wa watu, hapa ndipo mimi hupandwa na hasira. Kampuni inajaribu dawa kwa mbwa, dawa inashindwa, matokeo yanafungiwa kabatini kwa sababu hawataki washindani wajue au hakuna jarida linalotaka kuchapisha kitu kilichofeli. Baada ya miaka miwili kampuni nyengine, nchi nyengine, inachukua mbwa wengine inawapitisha kwenye maumivu yale yale kupata jibu ambalo tayari liko kwenye faili ya mtu. Hiyo dharura gani? Wallahi hiyo ni dhulma tupu, na dhulma yenyewe haina hata faida kwa mgonjwa. Hata vipodozi hivohivo, mtu kutiliwa wanja na rangi ya mdomo ndio sungura atiwe kemikali machoni, Umoja wa Ulaya walishapiga marufuku kabisa 2013 na wanawake wao bado wanajipamba.

Maana njia nyengine zipo na zinaongezeka. Insulini miaka mingi ilikuwa inakamuliwa kwenye kongosho za ng'ombe na nguruwe, na waislamu walikuwa wanauliza maswali ya halali na haramu, mpaka 1982 ikaruhusiwa ile inayotengenezwa na bakteria, na hiyo ndio aina iliyoenea leo. Mwaka 1962 Wajapani walichukua seli za figo ya tumbili wa Kiafrika, jamaa wa hawa wanaotuibia ndizi Nyali, wakazikuza kwenye chupa, na seli hizo zinaendelea kuzaana mpaka leo zikitumika kutengeneza chanjo za polio na za kichaa cha mbwa, badala ya kila mara kuchinja tumbili wapya. Sasa kuna vijichipu, vibao vidogo vya maabara vyenye seli za ini la binadamu, dawa inapitishwa mle inaonekana kama inaua ini. Na Desemba 2022 Marekani wakabadilisha sheria, mtengeneza dawa halazimiki tena kutumia mnyama ikiwa ana kipimo chengine cha kuaminika.

Kwetu je? Hili halifanyiki ughaibuni peke yake. Nairobi, Karen, kuna taasisi ya utafiti wa nyani iliyoanzishwa na Louis Leakey 1960, na nyani wametumika pale kwenye utafiti wa chanjo ya kichocho, ugonjwa unaofanya watoto wa Kwale wakojoe damu. Mimi hilo naliona lina uzito wa dharura. Dawa ya sumu ya nyoka vilevile, nguvu yake mpaka sasa hupimwa kwa kuwadunga panya sumu, ni kifo kibaya, lakini mkulima wa Kilifi akiumwa na swila na dawa ikawa bandia anakufa yeye. Hapo nakubali kwa shingo upande, huku nikitaka kipimo cha maabara kisichohitaji panya kitafutwe kwa bidii na pesa itengwe.

Sheria tunayo, ile ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360 (Cap 360) ya sheria za Kenya, na inataka leseni kwa anayefanya majaribio. Ninachotaka kiongezwe ni kila jaribio la wanyama liandikishwe wazi kabla halijaanza kama yanavyoandikishwa ya binadamu, na matokeo yatoke hata yakiwa mabaya, tena hasa yakiwa mabaya. Na nyinyi vijana mnaosomea udaktari na famasia hapa Pwani, msimamizi wako akikwambia chukua panya thelathini, muulize kwa heshima kwanini thelathini na sio kumi, na kama kuna mtu pahala ashalifanya jaribio hilo, na jibu lake mwambie akuandikie.