Mlo kamili wa Dodoma huandaliwa Aprili

Mchoro wa makundi ya chakula unaobandikwa ukutani kliniki una kila kitu isipokuwa miezi. Kuna nafaka, mizizi na ndizi. Kuna jamii ya kunde, karanga na mbegu. Kuna nyama, samaki, mayai na maziwa. Kuna mboga, matunda na mafuta. Mama anaambiwa achanganye, anaitikia, anarudi nyumbani. Ikiwa ni Machi atachanganya, kwa sababu majani yamejaa hadi nyuma ya nyumba. Ikiwa ni Septemba, huko Chamwino au Bahi, mkoani Dodoma, shamba ni vumbi tupu na fungu la mchicha limepanda bei. Ushauri ni uleule.

Nina msimamo mmoja juu ya jambo hili: kwa sisi wa kanda ya kati, mlo kamili ni suala la akiba. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, kiasi cha milimita 500 hadi 600 kwa mwaka. Miezi inayobaki tunakula tulichoweka. Anayetufundisha makundi ya chakula bila kutufundisha kuhifadhi ametufundisha nusu.

Bibi zetu walilijua hili. Hawakujaza ghala mtama na uwele peke yake. Walianika mlenda, majani ya kunde, majani ya maboga na mgagani, wakaweka kwa ajili ya kiangazi. Siku hizi nasikia vijana wa mjini wakiita mboga hizo kavu chakula cha njaa, na inaniuma sana. Majani makavu bado yana madini ya chuma na ya chokaa. Kinachopotea zaidi ni vitamini C, pamoja na sehemu ya kile ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A, na hapo ndipo tunapoweza kuboresha kazi ya bibi: tuanike kivulini penye upepo, au tufunike kwa kitambaa chepesi, badala ya kuyaacha majani uchi kwenye jua la saa saba. Magadi nayo tuyapunguze. Najua mlenda bila magadi wengine hawaukubali, lakini magadi huua vitamini C na baadhi ya vitamini B, na mboga iliyokwisha kupoteza nyingi kwenye jua haina za kupoteza tena chunguni.

Karanga ndizo sifa ya mapishi yetu. Mlenda au majani ya kunde yaliyoungwa karanga ni kundi la mboga, kundi la mbegu na mafuta kwa pamoja, na mafuta hayo ndiyo yanayouwezesha mwili kufyonza kile kilichomo kwenye majani kinachogeuzwa kuwa vitamini A. Ukila na ugali wa uwele, kisha usiku kukawa na kunde au choroko, protini ya nafaka na ya kunde zinakamilishana, kwa kuwa kila moja ina upungufu ambao mwenzake anauziba. Mlo huo haujafika kwenye bucha na tayari una heshima yake.

Matunda ndiyo tunayojidhulumu zaidi. Mtu atakwambia hali matunda kwa sababu hana hela ya machungwa, na mbuyu umesimama nyuma ya nyumba yake. Ubuyu na ukwaju hukomaa wakati wa ukame, majira yaleyale ambayo mboga mbichi zimeadimika, na unga wa ubuyu una vitamini C ya kutosha kuusaidia mwili kuchukua chuma kilichomo kwenye uwele na kunde. Nasema unga wenyewe, ukorogwe kwenye maji au uchanganywe kwenye uji uliokwisha kuipuliwa. Ule ubuyu mwekundu wa pakiti ni sukari na rangi kwa sehemu kubwa. Na chai ya rangi isiandamane na chakula. Inywewe baadaye, saa moja au zaidi, kwa sababu inazuia chuma hichohicho tunachokitafuta.

Mjini tatizo ni jingine, wala halihitaji maneno mengi. Wali, chapati na viazi kwenye sahani moja ni kundi moja lililopakuliwa mara tatu. Sembe nayo, ikishakobolewa, imeacha kiini na pumba mashineni. Dona au uwele vingetufaa zaidi.

Kundi gumu ni la vyakula vya asili ya wanyama. Mkoa una ng'ombe, mbuzi na kuku wengi, lakini yai linauzwa ili inunuliwe sukari, na maziwa yanapungua malisho yanapokauka. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Ninaposoma takwimu hiyo simwazii mtu mzima anayemudu sahani kubwa. Namwazia mtoto wa mwaka mmoja, ambaye tumbo lake halibebi ugali mwingi. Huyo apewe yai, maziwa, au dagaa waliosagwa na mifupa yao, kabla hatujamfikiria mgeni.

Kuna hatari moja kwenye akiba hiyohiyo ninayoitetea. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara kupitia mahindi yaliyoota ukungu. Karanga nazo hushambuliwa vilevile, na kuzichemsha au kuzikaanga hakuiondoi sumu hiyo yote. Kwa hiyo nafaka na karanga zikaushwe juu ya turubai, si kwenye udongo, na zilizovunjika, kusinyaa au kubadilika rangi zitupwe. Tuache kabisa tabia ya kupeleka safi sokoni na kubakiza mbovu kwa ajili ya uji wa mtoto. Na ule unga wa lishe wa mahindi, mchele, soya, karanga na dagaa vyote kusagwa pamoja na kukaa wiki kadhaa kwenye ndoo, sikubaliani nao kwa sababu ya hatari hiyohiyo. Tusage unga wa nafaka moja, karanga zichambuliwe na kutwangwa siku ya kupika, kisha zitiwe uji ukiwa jikoni.