Toa ni toa, hasi ni hasi

Mpwa wangu yuko fomu wani, mama yake yuko Tandahimba na mikorosho yake, mtoto kaletwa kwangu hapa Mtwara mjini maana kwetu huku mtoto wa dada ni wa mjomba hata ujifanye hujasikia. Jioni anakaa na mimi dukani, homuweki anafanyia juu ya kaunta pale kati ya mizani na ndoo ya mafuta ya kupima. Wiki iliyopita nachungulia daftari lake nakuta hasi tatu jumlisha hasi tano, jibu kaweka nane. Nane chanya, tena kaizungushia duara.

Nikamuuliza hii nane umeitoa wapi.

"Si mainasi na mainasi ni plasi, mjomba."

Huo wimbo naujua, hata sisi tuliuimba darasa zima huku tunagonga madawati, na mtihani ukija tunafeli vilevile. Sikubishana naye. Nikavuta daftari la madeni chini ya kaunta nikafungua ukurasa wa mama mmoja wa hapo nyuma, Jumapili kachukua unga wa 3,000, Jumatatu kachukua sukari na mafuta jumla 5,000, hajalipa hata senti. Nikamwambia haya, kwa hesabu yako wewe huyu mama akija kesho mi nifungue droo nimpe 8,000 yake, maana kakopa mara mbili, mainasi na mainasi. Dogo akaanza kucheka peke yake, "aah mjomba, huyo anadaiwa nane." Sawa, anadaiwa nane unaiandikaje? Akafuta lile duara akaandika hasi nane, mi sijasema neno.

Kumbe anajua. Na si hilo tu, kwenye simu akikopa salio la 500 afu akaweka vocha ya 1,000 anajua kabisa atabaki na ngapi, na wakikata zaidi ya deni na ada yao atalalamika nyumba nzima. Kwenye mpira ndo usiseme, mwambie Namungo wana magoli hasi saba kwenye msimamo (mfano tu jamani watu wa Ruangwa msinitukane) leo wakashinda nne bila, atakwambia wanabaki hasi tatu kabla hujamaliza sentensi. Ila mwandikie hasi saba jumlisha nne kwenye karatasi anakuletea hasi kumi na moja. Kwa hiyo mi hii habari ya kwamba watoto wa Kusini vichwa vizito kwenye hesabu siikubali hata kidogo, mtoto ana hesabu yote kichwani, kinachomvuruga ni maneno tunayomwekea juu yake.

Sa maneno gani, ndo nakuja.

Shule ya msingi huyu mtoto alisoma kwa Kiswahili, na Kiswahili kwenye hili kimejipanga vizuri kuliko tunavyokipa sifa. Ile alama ya kistari ina kazi mbili, kuna kazi ya kitendo, nina tano natoa tatu, na kuna kazi ya hali, namba yenyewe ipo upande wa chini wa sifuri, haijatolewa na mtu wala haijaenda popote. Sisi tuna neno la kila moja. Kitendo tunaita toa, hali tunaita hasi. (Najua hasi kwa watu wazima inaleta habari za mbuzi aliyehasiwa, mzee mmoja barazani alicheka sana nilipomwambia mtoto anasoma hasi, lakini neno ndo hilo.) Ukisema "tatu toa hasi mbili" hata asiyejua jibu anasikia kwamba hapo kuna vitu viwili tofauti vimekutana. Mtoto akiingia fomu wani kila kitu kinageuka mainasi, anasikia "tatu mainasi mainasi mbili", sikio linapata mainasi mbili zimegongana na haliwezi kujua ipi inafanya kazi na ipi imekaa tu. Hapo lazima akimbilie kwenye wimbo. Na wimbo wenyewe sio uongo, kwenye kuzidisha ni sawa kabisa, hasi tatu mara hasi tano ni kumi na tano, shida ni kwamba mtoto anaubeba bila anwani, akikutana na mainasi mbili popote anatangaza plasi.

Na msiniambie ni kosa la Kiingereza, Kiingereza chenyewe kina neno lake la hasi na neno lake la toa, vitabu vinatofautisha, ni sisi huku tumeokota moja tu tunalitumia kotekote.

Nilimwambia jirani yangu mmoja mwalimu, ye akasema ndugu yangu darasa limejaa mpaka mlangoni, kipindi dakika arobaini, mtihani uko kwa Kiingereza, wee unataka nikae nasimulia madeni ya dukani kwako? Nikamwelewa, kweli. Ye anawapa kanuni, alama zikifanana jumlisha ubebe alama yao, zikitofautiana toa ndogo kwenye kubwa ubebe alama ya kubwa. Kanuni safi, haina kosa. Ila angalia yenyewe inavyosema, kwenye swali la kujumlisha unaambiwa utoe, mtoto asiyejua kwa nini ataikumbuka wiki moja, wiki ya pili anachanganya na ile ya kuzidisha. Mtu anayejua kwa nini hata akisahau kanuni anaitengeneza upya palepale, huyu ana deni la 7,000 kaleta 4,000, deni lipo bado ila limepungua, basi.

Afu hii ya madeni sio ujanja wangu wa dukani. India huko mwaka 628 kulikuwa na mtu anaitwa Brahmagupta aliandika kanuni za namba hizi, chanya kaziita mali na hasi kaziita madeni, akaandika wazi kwamba deni ukijumlisha na deni ni deni. Wachina kabla yake walikuwa wanahesabu kwa vijiti, vyekundu chanya vyeusi hasi. Wakati huo Ulaya kwenyewe walikaa wanazikataa karne na karne, mpaka 1758 kuna msomi wa Cambridge, Francis Maseres, aliandika kitabu kizima kupinga namba hasi. Msomi wa Cambridge! Afu sisi mtoto wa Tandahimba asipoelewa ndani ya dakika arobaini tunamwita kilaza.

Kitu kingine kinaniudhi ni mfano wa baridi. Joto limeshuka mpaka nyuzi hasi tano, likapanda nyuzi tatu, sasa ni ngapi. Nani Mtwara hii kaona hasi tano? Sisi barafu tunaijua ya kwenye friza, ya 100. Huku mifano imelala chini tu, mkulima wa korosho aliyebanwa na njaa kachukua hela za kangomba, wale wanunuzi wa kichochoro wanaolipa kabla ya mavuno, kaahidi gunia tatu, mkorosho haujatoa hata ua, huyo korosho zake ziko hasi tatu tayari. Msimu ukija akipata kumi anabaki na saba, akipata mbili anabaki hasi moja na hiyo moja inamsubiri mwakani. Mtoto wa mkulima hiyo haihitaji kuchorewa, kaiona kwa macho mama yake akihesabu magunia usiku. (Kangomba ni marufuku na mi siitetei, naongelea hesabu tu.)

Deni lakini lina mahali linakwama, niseme ukweli. Kujumlisha linaenda vizuri, tatizo kutoa hasi. Unadaiwa tano nikakufutia mbili unabaki unadaiwa tatu, yaani hasi tano toa hasi mbili ni hasi tatu, hiyo dogo alikubali. Akaniuliza, na kama nina nne na sidaiwi na mtu, unanifutia deni gani? Nilikwama. Nikamwambia subiri nihudumie mteja, na mteja mwenyewe hakuwepo.

Kesho yake ndo nikapata wazo la vizibo vya soda, dukani vimejaa. Kizibo kikitazama juu ni chanya, kikilala kifudifudi ni hasi, kimoja cha juu na kimoja cha chini vikikaa pamoja ni sifuri, vinauana. Hasi saba jumlisha nne, unapanga saba vya kulala na vinne vya juu, jozi nne zinaondoka, vinabaki vitatu vya kulala. Unaona kwa macho kwa nini kanuni inakwambia utoe. Na lile swali lake la nne toa hasi mbili, weka vinne vya juu, unatakiwa kuondoa viwili vya kulala na havipo, basi leta jozi mbili za sifuri, hujaongeza kitu maana ni sifuri, sasa vya kulala vipo, viondoe. Hesabu vilivyobaki vya juu. Sita. Ilituchukua jioni mbili na mara moja paka alitumwagia vyote, ila sita yake aliiona mwenyewe, hakuiimba.

Sheria nyumbani kwangu sasa hivi ni moja, homuweki inaandikwa kwa Kiingereza kama shule inavyotaka ila kusoma swali kwa sauti ni toa na hasi, ukisema mainasi unaanza upya. Anaona nasumbua. Mtihani sijui ataenda kufanyaje, tutaona.

Kilichonishinda ni kwamba kaanza kuniandikia daftari la madeni kisomi. Kila jina kaweka kistari mbele ya hela. Jana yule mama wa unga kaja, akachungulia ukurasa wake, akaona -8,000, akauliza hiki kistari cha nini, umenifuta? Nikamweleza pale mwanzo mpaka mwisho, hasi, chanya, sifuri, vizibo, akanisikiliza vizuri tu, akasema haya baba nimekuelewa, basi nipimie na sukari kilo moja uongeze kistari.