Mwalimu akibadilishiwa namna ya kuweka alama, afundishwe nini?

Wanafunzi wawili wamefanya majaribio manne ya hisabati katika muhula mmoja. Wa kwanza alianza na 30, akapanda hadi 50, kisha 70, akamaliza na 90. Wa pili alianza na 90, akashuka hadi 70, kisha 50, akaishia 30. Kwenye ripoti ya mwisho wa muhula wote wana wastani wa 60. Mzazi anayeisoma hatajua kwamba mmoja sasa analimudu somo na mwenzake ameshapotea.

Hoja ya tathmini inayofuata viwango inaanzia hapo. Badala ya kujumlisha kila kitu na kugawanya, mwalimu huorodhesha yale ambayo mwanafunzi anapaswa kuyaweza, kama vile kutatua milinganyo, kusoma grafu au kutetea hoja kwa ushahidi, kisha humpima kwa kila jambo peke yake. Mara nyingi ngazi ni nne: hajafikia, anakaribia, amefikia, amevuka. Kazi ya karibuni ina uzito kuliko ya zamani, na mwanafunzi huruhusiwa kurudia jaribio. Utoro, utundu na kuchelewesha kazi huandikwa mahali pake, wala havichanganywi na alama ya somo. Wazo si geni. Mwaka 1968 Benjamin Bloom, mwanasaikolojia wa elimu wa Marekani, alishasema kwamba wanafunzi walio wengi wanaweza kufikia umahiri wakipewa muda wa kutosha na kusaidiwa pale walipokosea.

Ubora wa mfumo wenyewe una mjadala wake, na sitauingia hapa. Kinachonishughulisha ni kinachofuata: shule ikishaamua kuufuata, walimu waandaliwe vipi? Mipango mingi hukwama kwenye hatua hiyo, na wanaobishana kuihusu wana ukweli kila upande.

Wapo wanaosema mafunzo yatangulie, kazi ifuate. Walimu wote wakae semina, waelezwe falsafa, waonyeshwe ngazi, wafundishwe kutumia programu ya kuingizia alama, kisha mwaka wa masomo ukianza kila mmoja aanze pamoja na wenzake. Hoja yao kubwa ni haki. Mwanafunzi hawezi kupimwa kwa ngazi katika kipindi cha kwanza na kwa asilimia katika kipindi cha pili, aruhusiwe kurudia jaribio kwa mwalimu mmoja na kunyimwa kwa mwingine, kisha tumwambie kwamba shule ina mfumo. Tena, mwalimu asiyeelezwa hujitungia taratibu zake. Kosa la kawaida ni kuichukua ngazi ya 3 na kuiandika 75, kwa kuwa 3 ni robo tatu ya 4. Hesabu ni sahihi, lakini maana imeharibika: 3 ilisema mwanafunzi amefikia kilichotakiwa, na 75 inasema robo ya somo imempita. Saa moja ya semina ingezuia hilo.

Wengine wanajibu kwamba huwezi kumshawishi mwalimu kwa maneno. Thomas Guskey, mtafiti wa elimu wa Marekani, alieleza mwaka 1986 kwamba tumezoea kudhani imani ya mwalimu hubadilika kwanza, kisha vitendo vyake, kisha matokeo ya wanafunzi, ilhali mara nyingi mambo huenda kinyume. Mwalimu hujaribu jambo, huona wanafunzi wake wakinufaika nalo, ndipo anapoliamini. Kama ni hivyo, siku nzima ya kuhubiri falsafa mbele ya walimu waliochoka ni siku iliyopotea, hata kama mwezeshaji ni hodari na picha zake ukutani zinapendeza. (Katika semina za aina hii sentensi "tubadilishe mtazamo" husikika mara nyingi sana, na karatasi moja ya mwanafunzi haionekani.)

Mimi naegemea upande huu wa pili, ila si kwa sababu wanayoitoa watetezi wake. Sababu yangu ni ugumu wa kusahihisha kwenyewe.

Mwaka 1912 Daniel Starch na Edward Elliott, watafiti wa Marekani, walituma insha mbili za wanafunzi kwa walimu wa Kiingereza zaidi ya 100 katika shule mbalimbali. Insha ya kwanza ilirudi na alama kati ya 64 na 98, ya pili kati ya 50 na 97. Waliopinga walisema insha ni suala la ladha. Mwaka uliofuata watafiti hao wakatuma karatasi ya jiometri, na tofauti ikawa kubwa zaidi: wapo waliompa mwanafunzi 28 na wapo waliompa zaidi ya 90. Mwalimu mmoja alipunguza alama kwa uchafu wa maandishi, mwingine hakujali. Mmoja alitaka jibu tu, mwenzake alitaka njia.

Karibu karne moja baadaye, mwaka 2011, Hunter Brimi alichapisha utafiti unaopaswa kumkosesha usingizi kila anayeandaa semina. Walimu wake walikuwa wamepata takriban saa 20 za mafunzo ya kutathmini uandishi. Wakapewa insha moja waisahihishe kwa alama 100. Walijibu walimu 73, na alama zao zilitawanyika kutoka 50 hadi 96. Mafunzo yalifanyika, tofauti ikabaki palepale.

Mtetezi wa viwango atasema, na ana haki, kwamba tatizo hapo ni mizani yenyewe: ukimpa mtu ngazi 100 achague, atatofautiana na mwenzake, lakini ukimpa nne nafasi ya kutofautiana inapungua. Ni kweli. Lakini ngazi nne zina hatari ambayo mizani ya 100 haina. Mwalimu mmoja akitoa 71 na mwenzake 74, mwanafunzi hataathirika sana. Mmoja akitoa 2 na mwenzake 3 kwa kazi ileile, ya kwanza inasema anakaribia tu na ya pili inasema amefikia. Mpaka kati ya 2 na 3 umebeba mfumo mzima, na walimu wakiwa hawajakubaliana mpaka huo uko wapi, tumebadilisha tarakimu na kuuacha ubahatishaji.

Makubaliano hayo hayapatikani kwa maelezo. Vigezo vilivyoandikwa kwenye jedwali husema "anatoa ushahidi wa kutosha" au "anafafanua kwa uwazi", na kila mwalimu hutikisa kichwa kukubali. Ubishi huanza kazi halisi zikiwekwa mezani. Walimu watano wa somo moja wachukue kazi sita za wanafunzi, wafunike majina, kila mmoja atoe ngazi kimya, kisha wafunue pamoja. Palipo na mgawanyiko waulizane: umeona nini hapa ambacho mimi sikukiona? Watagundua kwamba mmoja anaadhibu tahajia bila kukusudia. Mwingine anaisoma kazi ya mwanafunzi mwerevu kwa huruma, akimjazia asichokiandika. Mwishowe kigezo chenyewe hurekebishwa, na kazi mbili tatu huwekwa kwenye faili kama mifano ya 2 na ya 3. Zoezi likirudiwa baada ya wiki chache, tofauti hupungua. Kwangu mimi hii ndiyo kazi ya msingi, na mafunzo yanayoiacha yameruka kiini, hata yawe marefu kiasi gani.

Urefu wa mafunzo nao una ushahidi, ila haumpi mtu mmoja ushindi wote. Mwaka 2007 Kwang Suk Yoon na wenzake walipitia tafiti zaidi ya 1,300 kuhusu mafunzo ya walimu walio kazini na wakaona 9 tu zimekidhi masharti ya ushahidi, zote za shule za msingi. Katika hizo 9, programu zilizozidi saa 14 ndizo zilizoonekana kuwanufaisha wanafunzi. Zile za kati ya saa 5 na 14 hazikuonyesha tofauti ya maana. Semina ya siku moja, basi, haina pa kusimama. Lakini serikali ya Marekani iligharimia majaribio mengine baada ya hapo, likiwamo la hisabati la Michael Garet na wenzake, ambapo walimu walipata mafunzo ya kina yaliyoendelea muda mrefu. Ufundishaji ulibadilika kidogo, matokeo ya wanafunzi hayakupanda kwa kiasi cha kuhesabika. Kwa hiyo kuongeza saa peke yake si dawa.

Kumwekea mwalimu mshauri anayemtembelea darasani kumefanya vizuri zaidi. Matthew Kraft, David Blazar na Dylan Hogan walikusanya tafiti 60 mwaka 2018 na kuona kwamba njia hii huboresha ufundishaji kwa kiasi kikubwa, na matokeo ya wanafunzi kwa kiasi kidogo lakini cha kweli. Waliona pia jambo ambalo wapenzi wa njia hii hawapendi kulitaja: programu zikipanuliwa kuwahudumia walimu wengi, manufaa hupungua sana. Mshauri hodari hapatikani kwa kutangaza nafasi za kazi, na mmoja akigawiwa walimu 40 anageuka mkaguzi.

Yaliyotokea katika jimbo la Maine, Marekani, yanafaa kutazamwa na kila anayedhani sheria itaharakisha mambo. Mwaka 2012 jimbo lilipitisha sheria ya kutaka wanafunzi wa sekondari wahitimu kwa kuthibitisha umahiri, si kwa kumaliza idadi ya masomo. Lengo lilikuwa masomo manane. Tarehe za utekelezaji zikasogezwa mbele, na kila wilaya ikajitungia tafsiri yake ya umahiri. Wazazi wakaanza kuzozana na shule juu ya ngazi 1 hadi 4 na hofu ya vyuo vikuu kutozielewa. Mwaka 2018 bunge la jimbo likaondoa ulazima huo, wilaya zikaachiwa kuchagua. Wapinzani wa mfumo huitaja Maine kama ushahidi kwamba wazo lilikuwa bovu. Watetezi husema wazo halikupewa nafasi. Ninachokiona ni kwamba miaka sita haikutosha kuzifanya wilaya zikubaliane maana ya "amefikia", kwa kuwa sheria iliweza kuamuru matokeo lakini haikuweza kuamuru walimu wakae pamoja na karatasi za wanafunzi. Muda huo ulipaswa kupangwa na kulipiwa.

Muda ndio pingamizi la walimu ambalo halijibiwi kwa uaminifu. Chukua mwalimu wa sekondari mwenye madarasa manne ya wanafunzi 40, na viwango 10 kwa muhula. Hizo ni hukumu 1,600 kabla hajagusa majaribio ya marudio. Akiambiwa pia atunge toleo la pili la kila jaribio, mzigo unakaribia mara mbili. Mwezeshaji anayempa mwalimu huyu shairi la kutia moyo anamdharau. Anachohitaji ni kufundishwa kupunguza: kuchagua viwango vichache vyenye uzito, kupima viwili katika kazi moja, kurudia sehemu iliyomshinda mwanafunzi badala ya karatasi nzima, na kumtaka mwanafunzi aonyeshe amefanya nini tangu jaribio la kwanza kabla ya kupewa la pili. Sharti hilo la mwisho hujibu pia lawama nyingine ya kweli, kwamba ukiruhusu marudio wanafunzi huacha kujiandaa mara ya kwanza.

Kuna pia pingamizi dhidi ya kuondoa nidhamu kwenye alama. Walimu wengi huamini kwamba wakiacha kutoa sifuri kwa kazi isiyoletwa, hakuna atakayeileta tena. Watetezi wa viwango huipuuza hofu hii haraka mno. Sifuri haielezi mwanafunzi anajua nini, sawa, lakini ilikuwa inafanya kazi fulani darasani, na ukiinyang'anya bila kuweka kitu mahali pake, mwalimu ndiye anayebaki na daftari tupu. Mafunzo yenye akili hutenga muda kwa utaratibu mbadala: kazi isiyoletwa inakamilishwa lini, chini ya uangalizi wa nani, na mzazi anaarifiwa siku ya ngapi. Hilo ni suala la uongozi wa shule nzima. Mwalimu mmoja hawezi kulibuni peke yake.

Kwa hiyo, kama ningepewa ratiba ya kupanga, nisingeitupa semina. Ningeipunguza iwe nusu siku, ya taratibu tupu: ngazi zina maana gani, zisigeuzwe asilimia, programu inatumikaje. Falsafa ningeiacha. Saa zote zilizobaki ningezihamishia kwenye vikao vya kila wiki mbili vya walimu wa somo moja, ndani ya saa za kazi, na mada ya kila kikao ingekuwa kazi za wanafunzi zilizosahihishwa wiki hiyo. Mwaka wa kwanza wangeanza wanaotaka, katika somo moja au mawili, huku ripoti kwa wazazi ikibaki ya zamani. Najua gharama yake: kwa mwaka mzima shule ingekuwa na mifumo miwili, na ile hoja ya haki niliyoitaja mwanzoni ingekuwa imevunjwa kwa makusudi. Mwanafunzi wa darasa lisiloanza angekuwa na sababu ya kulalamika. Naikubali dhuluma hiyo ndogo ya mwaka mmoja, kwa masharti kwamba tarehe ya kuimaliza imetangazwa na kwamba walioanza wana faili la mifano ya kuwapa wenzao. Mkuu wa shule asiyeweza kutoa saa moja kila wiki mbili kutoka kwenye ratiba ana njia nyingine ya busara: aendelee na asilimia kwa sasa, na awazuie walimu wake wasiende semina hiyo hadi saa hizo zipatikane.